Mwenyeji

Wananiuliza mimi, kwa kuwa siku ya utambulisho
nilisimama nikatamka kwa mbwembwe:
Tanga hapahapa, Ngamiani, barabara ya kumi na nne.

Tangu hapo kila aliyepotea ananishika mkono.
Nsajigwa wa Rungwe: Ukumbi wa Saba uko wapi, mwenyeji?
Kulwa wa Mpanda: dirisha la mikopo ni lipi, mwenyeji?
Nami nanyoosha kidole kama trafiki,
kuelekea popote penye watu wengi.

Mji naujua. Nipeleke Duga usiku, umeme umekatika,
nitakwambia nani kahama, nani kaolewa,
mbwa yupi wa kumsemesha na yupi wa kumpisha.
Lakini hapa, kilomita kumi na kitu kutoka kitandani kwetu,
nilikaa saa nzima katika somo la mwaka wa tatu
kwa aibu ya kuinuka.
Nikaandika na notisi. Ninazo bado. Sijui ni za nini.

Chuo nilichokijua mimi kilikuwa cha Maalim Zubeda:
mkeka mmoja, watoto kumi na tisa,
na bakora iliyotujua kwa majina.
Hiki kina watu elfu nane na kipaza sauti.
Mhadhiri ni kitu kidogo cheupe, mbali, chenye shati.

Foleni ya picha. Foleni ya sahihi.
Foleni tuliyoipanga tukagundua mbele hakuna mtu,
ni mlango tu, umefungwa.
Yule wa dirishani hakuinua uso:
Jina la nini? Nipe namba.
Tarakimu kumi na moja. Nalala nikizirudia
kama niliyepewa juzuu ya kuhifadhi.

Bibi nilipomsimulia kwenye simu alicheka hadi akakohoa.
Babu yako naye walimpa namba, hukohuko,
alipoletwa kutoka Songea, na kipande cha siku thelathini.
Yeye alikuwa anakata mkonge.
Wewe unakata nini?
Nasoma, bibi.
Haya. Usijikate.

Mji wetu una msemo: waja leo, waondoka leo.
Wageni huja na mfuko mmoja, wakazeekea hapa.
Mimi mzaliwa ndiye niliyefunga begi siku ya nne.

Ijumaa ya pili nilitoroka na baiskeli,
nguo chafu kwenye keria, kisingizio tayari: sabuni imeisha.
Mama hakuuliza. Alisonga bada,
akaniwekea kisamvu, akakaa karibu,
akanitazama nikila kama anayehesabu tonge.
Nilirudi bwenini kabla ya saa tatu,
nanuka moshi wa kwetu.

Kulwa alikuwa macho, kajigeuzia ukutani.
Akasema bila kugeuka:
Wewe ukitaka kulia unapanda baiskeli.
Mie kulia kwetu ni siku mbili barabarani,
na nauli sina.

Sikujua la kumjibu. Nilimpa limau nililokuwa nalo mfukoni.
Akalilamba na chumvi, kimya, mpaka ganda.

Ijumaa iliyofuata keria haikubeba nguo.
Mama alimtazama Kulwa mara moja tu, akaongeza unga.
Kulwa akauliza bada hushikwaje, akaishika vibaya,
ikamng'ang'ania vidoleni; mama akacheka,
naye akacheka, mchuzi umemfika kiwikoni.
Nilikuwa sijamsikia akicheka. Kicheko chake ni kikubwa kuliko yeye.

Kurudi, giza. Mnyororo ulichomoka mara mbili pale Pongwe.
Getini mlinzi akamulika vitambulisho vyetu,
akasoma namba, akatikisa kichwa, piteni.
Mbele yangu majengo yaleyale, madirisha yaleyale,
taa zote sawa.
Nikaweka mguu chini.

Unangoja nini, mwenyeji? akasema Kulwa mgongoni.
Pita nyuma ya maabara. Ukiona tangi bovu, kata kulia.

Nikakata.